Alichokuwa Akishona Mama

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 19, saa tisa alasiri.

Mpendwa Kaka yangu,

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na wale wanangu wawili, ambao katika kila picha mnayotuma wanazidi kunipita kimo bila hata kuniomba ruhusa, hawajambo? Kile kikohozi ulichokuwa nacho mwezi uliopita kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa chai ya moto na kusema si kitu? Nakujua. Tafadhali nenda ukapimwe, usingoje Wifi akuburute.

Sisi huku hatujambo. Mama ana goti lake, lile la kushoto, ambalo siku hizi tumelizoea kama ndugu mwingine ndani ya nyumba: kila asubuhi tunaliuliza limeamkaje. Macho bado anayo, masikio anayo, na mdomo ndio kabisa, haujapungua hata chembe. Mimi ni mzima. Nimeongezeka uzito kidogo, lakini hilo halihitaji barua.

Utashangaa kwa nini nimekaa chini na kalamu wakati simu ipo. Kaka, simu ina haraka. Nikianza kukueleza utaniambia subiri kidogo, msimamizi anapita, na mimi nikikatizwa katikati ya jambo hili sitaweza kulianza tena. Kwa hiyo tafuta mahali ukae. Soma ukiwa peke yako.

Kwanza nikukumbushe nyumba yetu ilivyokuwa, maana siku hizi naiwaza sana. Unakumbuka baraza la nyuma, pale kwenye sakafu iliyopasuka kama ramani, cherehani ya Mama ikiwa imeelekezwa uani apate mwanga? Unakumbuka mlio wa pedali? Mimi mpaka leo nikisikia pedali mahali popote nageuka, nikidhani nitaitwa nikatunge uzi kwenye sindano. Na unakumbuka chini ya ile cherehani palivyokuwa nchi ya mdogo wetu. Ndiko alikokaa kutwa akiokota vifungo, akivipanga kwa rangi, akivipa majina, akivifokea kama mwalimu. Ndiyo maana tukamwita Kifungo, na jina likamganda hata Mama akasahau kumwita lile la vyeti.

Samahani kwa kumtaja hivi ghafla. Najua katika nyumba yetu hatumtaji. Lakini barua hii ni yake.

Na mpangaji wetu wa chumba cha uani unamkumbuka? Yule mwalimu wa kuchora, mrefu, masikio kama vishikio vya sufuria, aliyekuwa akifundisha zamu ya mchana tu na asubuhi akishinda chumbani kwake? Wewe ndiye uliyempa jina la Mwalimu Penseli. Alikuwa akitugawia vipande vya penseli vilivyobaki vifupi mno kushikwa, na sisi tukivigombania kama peremende. Alikaa kwetu mwaka mmoja na nusu, akahama, hatukumsikia tena. Mimi nilikuwa nimemsahau kabisa.

Sasa nikuambie lililotokea.

Kazini kwangu unakujua ni karakana ya fremu, na bosi wangu ni yuleyule tunayemwita Milimita, kwa sababu ukimkatia ubao ukamzidishia upana wa unywele mmoja anaumwa kichwa mpaka jioni. Wiki sita zilizopita aliingia mama mmoja wa makamo, mhudumu wa maktaba kuu, amekumbatia jalada kubwa la kadibodi lililofungwa kwa utepe. Akasema mjomba wake amefariki. Alikuwa mwalimu wa kuchora, hakuwahi kuonyesha kazi zake kwa mtu, na maktaba imekubali kumpa ukumbi mmoja kwa mwezi mzima. Anataka michoro kumi na saba iwekwe kwenye fremu. Milimita akanikabidhi mimi, kwa kuwa michoro ya mkaa inataka mkono mwepesi. Ukiigusa vibaya tu inafutika.

Nikafungua jalada. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mwanamke ameketi kwenye kigoda, amekupa mgongo, kichwa ameinamisha juu ya kitu kilicho mapajani. Nilichokiona kwanza ni fundo la kitambaa cha kichwani, lile fundo lake la pembeni ambalo hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwona akilifunga hivyo. Kisha nikaona sakafu iliyopasuka. Kisha gurudumu la cherehani.

Kaka, nilimwona Mama akiwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi leo.

Niliigeuza ile karatasi. Nyuma kulikuwa na tarehe na maneno machache kwa mwandiko mdogo mdogo. Niliisoma ile tarehe mara tatu. Ilikuwa wiki ya pili baada ya kumzika Kifungo.

Basi nikatoa yote, nikaipanga juu ya meza ya kukatia kwa kufuata tarehe, kumi na saba, kutoka ukingo hadi ukingo. Yote ni Mama, yote ni mgongo, ameketi palepale. Na kando ya paja lake, kila mara, limening'inia gauni. La kitoto, kola ya duara. Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ni kazi ya mteja. Halafu nikasoma maandishi ya nyuma moja baada ya jingine. La kwanza: mkono wa kushoto hauko leo. La pili: mkono umerudi. La tatu: kola imefumuliwa. La nne: kola imerudi, pindo limefumuliwa lote. Na kuendelea hivyo, miezi mitano.

Ilikuwa sare ya Kifungo. Ile aliyokuwa ameanza kumshonea kwa ajili ya kuanza shule. Unakumbuka alivyokuwa akiivaa ikiwa na pini, akitembea nayo mikono mbali na mwili asichomwe, na kutuambia yeye sasa ni mwanafunzi, tusimzoee? Mama alikuwa akiishona, kisha anachukua wembe anaifumua, kisha anaishona tena. Kila asubuhi sisi tukiwa shuleni.

Sikujua kama nalia mpaka Milimita aliponishika bega. Alisema tu, "Machozi yanaharibu karatasi, binti. Rudi nyuma hatua mbili, halafu lia."

Nikarudi hatua mbili, nikalia. Yeye akaenda kufunga mlango wa mbele, akageuza kibao kuwa tumefunga, na wewe unajua yule mzee hajawahi kufunga mapema hata siku paa lilipovuja.

Lazima nirudi kwenye siku ile ambayo mimi na wewe hatujaizungumza kwa miaka ishirini na mitatu. Jioni ile kabla hujaondoka. Tulikuwa mezani watatu, sanduku lako likiwa tayari mlangoni. Mama alikuwa akikuhesabia soksi, na wewe ukamwambia aache soksi. Ukamwambia hukumbuki kumwona akimlilia Kifungo hata siku moja, na kwamba siku ya tatu tu baada ya mazishi, watu hawajaisha uani, ulisikia cherehani inanguruma. Ulisema, "Mtoto amekufa, wewe unashona." Mama alikuangalia, akasukuma sahani yako karibu, akasema, "Kula, kinapoa."

Hukula. Kesho yake ukaondoka.

Sikuandikii haya kukulaumu, maana mimi nilikuwepo na nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa upande wako. Na mimi nilikuwa nimeisikia ile cherehani. Miaka yote hii nimeishi naye, nimemwogesha alipoumwa, nimecheka naye kila siku, na ndani yangu kulikuwa na kachumba kamoja kamefungwa ambamo nilimwona hana moyo. Nimeona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini nimeiandika.

Yule mhudumu wa maktaba aliporudi nilimwambia mwanamke wa kwenye michoro ni nani. Alisema mjomba wake aliishi na jalada lile chini ya kitanda maisha yake yote, na kila alipohama lilikuwa kitu cha kwanza kutoka. Akaniambia hatautundika hata mmoja mpaka mwenyewe aseme. Akaniruhusu nichukue mitatu nimpelekee.

Nilimpelekea Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, wakati tumbo limetulia na goti limelala. Nilimwambia, "Mama, vaa miwani, nina kitu."

Akafuta mikono, akavaa miwani, akaangalia ule wa kwanza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichosema.

"Kumbe nilikuwa na shingo nzuri hivi."

"Mama!"

"Si unaona mwenyewe? Na nilikuwa sijui." Kisha akagusa hewa juu ya karatasi, hakuigusa yenyewe. "Amekufa?"

"Mwaka huu, Mama."

"Alikuwa na roho safi yule. Hakuwa na maneno."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akanieleza, Kaka, taratibu, huku akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Alisema asubuhi moja aliinua macho akamwona Mwalimu dirishani kwake na karatasi. Aliona haya, akataka kuinuka. Mwalimu akatoka mpaka uani, akasimama mbali, akamwambia, "Mama, sijui namna ya kukupa pole. Najua kuchora tu. Ukikataa nachana." Mama akafikiri, akageuza kigoda. Akamwambia, "Chora mgongo. Uso uache."

"Basi ikawa hivyo," Mama akasema. "Yeye dirishani, mimi barazani. Yeye anachora, mimi nalia. Kila mtu na kazi yake. Saa nne hivi, nyinyi mkiwa darasani. Ikifika saa sita naosha uso, naanza kazi za watu."

Najua unachofikiria, na mimi nilikifikiria, nikamuuliza kama yule mwalimu labda alikuwa anampenda. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Yule? Yule alikuwa anasahau hata kufunga viatu vyake. Mwanangu, siyo kila anayekuangalia anakutaka. Wengine wanakuangalia tu usiwe peke yako."

Nikamuuliza kuhusu siku ya tatu. Sikutaja jina lako, lakini alielewa, maana alivua miwani.

"Siku ile sikushona kazi ya mtu," akasema. "Alipoanza homa nilikuwa nimebakiza mkono wa kushoto. Mambo yakaenda haraka, mnakumbuka. Nilipotoka makaburini kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba nguo ya mtoto ina mkono mmoja. Silali, sili, naona mkono mmoja. Nikasema niumalizie. Nikaumalizia. Halafu nikauona umekwisha, na nikaona sina tena cha kumfanyia. Nikachukua wembe nikaufumua."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningewaambia nini? Kwamba nashonea mtoto ambaye hayupo? Mngeniogopa."

"Lakini ungelia mbele yetu, Mama. Tungejua tu."

Sikiliza alichosema, maana hiki ndicho nilichokuandikia barua nzima nikifikie.

Alisema alilia mbele yetu. Siku ya kwanza, kabla ya mazishi, chumbani, alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Na wewe uliingia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulitoka, ukachukua beseni, ukaanza kuosha vyombo. Ukamaliza vyombo ukafua. Ukamaliza kufua ukaanza kupiga deki, ukachota maji ukajaza pipa, ukarudi tena kwenye vyombo vilevile ulivyokwisha kuviosha. Watu wakikuambia ukae unawaambia, "Mama amechoka, mimi nitafanya." Mikono ikakuvimba kwa sabuni. Hukula mpaka jioni, ukaangukia mlangoni pa jikoni ukiwa na ndoo mkononi. Mama ndiye aliyekubeba kukulaza.

"Nikamwangalia vile amelala na vile vidole vimevimba," akasema, "nikajua nikiendelea kulia mbele yake, huyu atakuwa mzee kabla hajaota ndevu. Nilikuwa nimempoteza mmoja. Nikasema huyu simpotezi. Basi nikawapa nyinyi uso mkavu, na mwingine nikauweka asubuhi."

Je, unaikumbuka ile siku, Kaka? Mimi nakumbuka kukuona na beseni. Nilidhani umetumwa.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza kama nikuandikie hili. Niliogopa utalibeba kama mzigo mwingine, kana kwamba wewe ndiye uliyemnyamazisha. Usilibebe hivyo. Mama alilisema kwa namna ambayo ungekuwepo ungetabasamu. Alikuwa akikusifu. Alimaliza kwa kusema kwamba hata hivyo vyombo hukuviosha vizuri, masizi uliyaacha chini.

Nilimwuliza pia gauni liko wapi. Aliniambia kitambaa kilichoka. Kilitobolewa na sindano mara nyingi mpaka pale begani na kwenye kola hapakushika uzi tena, ukivuta kinaachia. Asubuhi moja aliona hivyo, akakikunja, akamwambia Mwalimu dirishani kwamba leo hakuna kazi. Mwalimu akaweka mkaa wake chini. Gauni alilizika mwenyewe, siku aliyokwenda kupalilia kaburi. Kama ulikuwa hujui, alikuwa akienda kila mwezi, akituambia anakwenda kununua uzi. Ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa na uzi mwingi vile.

Kuhusu maonyesho alikataa. "Watu walipie nauli kwenda kuangalia mgongo wangu? Wana wazimu?" Nikamwambia sawa, nitairudisha, sikumsukuma. Siku nne zikapita. Siku ya tano nilikuwa nafunga kiatu niende kazini, akaniita kutoka jikoni.

"Hao wa maktaba wataandika jina langu?"

"Ukikataa hawataandika."

"Wasiandike. Waandike fundi cherehani. Ndicho nilichokuwa."

Basi nikaitengenezea fremu, Kaka, na nakuambia sijawahi kufanya kazi kama ile. Mbao nyembamba nyeusi, bila nakshi. Milimita alikagua kona zote sitini na nane kwa kioo cha kukuzia na hakuona cha kusema, jambo lililomsumbua. Mwishowe akasema, "Hizi zisilipiwe. Gharama weka kwangu." Kisha akajifanya ana mafua.

Tulikwenda kuiona Jumatano, mimi na Mama, asubuhi, kukiwa hakuna watu. Alivaa viatu vyake vya kutokea ambavyo vinambana, na hakukubali ushauri. Ukumbi ni mdogo, kuta nyeupe, madirisha marefu upande mmoja. Michoro imepangwa kwa mstari kama nilivyoipanga mezani. Mama alitembea pole pole kutoka wa kwanza, mkono mmoja kwenye bega langu. Kwenye kila mchoro alikuwa akisema kitu kidogo kwa sauti ya chini, kana kwamba anapitia kazi ya mwanafunzi wake. Hapa nilikuwa nimebana mno. Hapa uzi haukuwa wenyewe. Siku hii mvua ilinyesha.

Tulipofika kama wa tisa, mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama mbele yake. Ni mwanamke wa umri kama wangu, amevaa sare ya ulinzi, kofia ameishika mkononi. Alitaka kutupisha. Mama akamwambia abaki tu, akamuuliza kama anaipenda ile picha.

"Siipendi, mama," akasema yule mlinzi. "Inaniumiza. Lakini wakinipanga ghorofa ya juu naomba wanirudishe huku."

"Kwa nini?"

Nadhani alitazama ule uso wa Mama, akaona si mtu wa kumcheka. "Nilimpoteza mwanangu mwaka juzi. Kila mtu akaniambia nijikaze. Nikawa najikaza mpaka nimekuwa kama mti. Sasa nikiangalia mabega ya huyu, naona hakuambiwa na mtu ajikaze."

"Aliambiwa," Mama akasema. "Waliomwambia walikuwa wengi. Ila asubuhi walikuwa hawapo."

Yule mlinzi akamgeukia. Akaangalia mchoro, akaangalia kitambaa kichwani mwa Mama na lile fundo la pembeni, akarudi kwenye mchoro. Akaenda pembeni, akaleta kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya Mama, naye Mama akakaa. Kisha Mama akanyoosha mkono akamshika wa kwake.

"Wako alikuwa anaitwa nani?" Mama akamuuliza.

Akamtajia. Sitaliandika hapa, ni la kwake.

"Wangu tulimwita Kifungo," Mama akasema.

Kaka, ni mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake tangu tulipokuwa watoto. Alilisema vizuri, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Kisha wale wawili wakalia, wameshikana mikono, mchana kweupe, uso wa Mama ukiwa wazi kabisa. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili.

Tuliporudi nyumbani alivua vile viatu akaviweka mlangoni, akasema, "Nipigie namba ya kaka yako." Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Najua ulikuwa zamu. Nilitaka kupiga tena, akanizuia. Alisema, "Wacha. Nikimpata nitamuuliza hali ya hewa, atanijibu kuna baridi, tutaagana. Ndivyo tulivyo mimi naye. Mwandikie wewe, una maneno."

Nikamuuliza nikuambie nini hasa. Alikuwa akijikanda goti. Mwishowe akasema, na hapa naandika kama alivyotamka, sijaongeza wala kupunguza:

"Mwambie sikumkasirikia ile siku ya soksi. Alinisemea kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Mwambie nilikuwa na mtoto wa kumlilia na mtoto wa kumlinda, nikagawa siku. Na umwambie asijihukumu, maana mimi nilikuwa mtu mzima na nilijua ninachofanya. Na yeye alikuwa mtoto."

Kisha akaniambia niende nikachemshe maji.

Michoro itakuwa ukutani mpaka katikati ya mwezi ujao. Mpwa wa Mwalimu amesema baada ya hapo yote ni ya Mama, na Mama hajaamua ataiweka wapi. Chumba chako kina ukuta mweupe wote upande wa dirisha, lakini hilo mtaamua wawili mkiwa hapa. Nimesema mkiwa hapa. Usiniletee habari za nauli wala za likizo. Omba, waeleze, watakuelewa. Nao wasipokuelewa, mwache Wifi aongee nao.

Nisalimie sana Wifi, na umwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wanangu wabusu wote wawili, hata yule mkubwa anayekimbia kubusiwa. Shangazi anawasalimu kutoka kitandani kwake, bado anauliza kama umeota kipara. Jirani yetu mpiga pasi anakusalimu. Milimita pia amesema nikuandikie salamu, kwa maneno yasiyozidi matano, nami nimeyazidisha. Mama analala kidogo chumba cha pili, naisikia pumzi yake kutoka hapa, imetulia.

Mungu akutunze katika kutoka kwako na kuingia kwako, akupe pumzi nyepesi na moyo mwepesi, na akulete mlangoni petu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza siku ambayo ningepaswa kusema, na ninayekupenda siku zote,

Kasuku